Karatasi Sita Mkononi

Msomaji na amfikirie mama mmoja auzaye mboga sokoni, aliyeamka alfajiri ya tarehe 9 Agosti, 2022, akajifunga leso yake, akachukua kitambulisho, akaenda kusimama katika mstari mrefu nje ya darasa la shule. Zamu yake ilipofika aliweka kidole juu ya mashine, naye akapewa karatasi sita: nyeupe ya Rais, ya buluu ya Gavana, ya manjano ya Seneta, ya kijani ya Mbunge, ya zambarau ya Mwakilishi wa Wanawake, na nyingine ya rangi ya mchanga ya Mwakilishi wa Wadi. Jina la Rais amtakaye alilijua. La Gavana alilijua pia, kwa sababu picha yake ilibandikwa juu ya kila mti njiani. Katika zile nne zilizobaki alitafuta alama ya chama tu, akatia kalamu, akatoka na wino kidoleni akiwa ameridhika kabisa.

Miezi michache baadaye mtoto wake akashikwa na homa. Zahanati ya karibu haikuwa na dawa. Mama akafunga safari mpaka ofisi ya Mbunge, akangoja tangu asubuhi hata jua likaanza kushuka.

"Mama yangu," karani akamwambia kwa upole, "dawa za zahanati ni kazi ya Kaunti. Enda kwa Gavana."

"Lakini huyu ndiye niliyemchagua."

"Hata Gavana ulimchagua, mama."

Mama hakuwa na la kujibu. Kura zake zote sita zilihesabiwa, wala hapana hata moja iliyoharibika, lakini alikuwa ameajiri watu sita bila ya kujua ni nani aliyemwajiri kwa kazi gani. Mwenye shamba hawezi kumkasirikia fundi wa paa kwa kuwa ng'ombe hakukamuliwa.

Yafaa kukumbuka kwamba wazee wa nchi hii hawakuanza na mzigo mkubwa namna hii. Mwezi wa Machi, 1957, Waafrika wa Kenya walipowachagua kwa mara ya kwanza wajumbe wao wanane wa kuingia Baraza la Kutunga Sheria, kiti kilikuwa kimoja tu kwa kila mpiga kura. Ingawa mtu aliyesoma au mwenye mali aliweza kupewa kura hadi tatu, na wengine wengi hawakupata hata moja. Mwezi wa Mei, 1963, viti vilikuwa vya namna tatu, yaani Mabaraza ya Majimbo, Seneti, na Baraza la Wawakilishi, lakini kila kimoja kilikuwa na siku zake. Mtu aliweza kwenda nyumbani na kufikiri kabla ya kurudi tena. Na hata mwaka 2007 karatasi zilikuwa tatu: Rais, Mbunge na Diwani. Katiba ya mwaka 2010 ndiyo iliyoleta sita kwa siku moja, na Wakenya wakazipiga kwa mara ya kwanza tarehe 4 Machi, 2013. Katika uchaguzi huo zaidi ya kura 100,000 za Urais zilikataliwa. Si ajabu.

Basi kazi zenyewe ni zipi? Za Rais hazihitaji maneno mengi. Gavana ndiye mwenye zahanati, magari ya kuchukua wagonjwa, barabara za Kaunti, masoko, shule za watoto wadogo wasiofika darasa la kwanza, na msaada wa wakulima. Shule za msingi na za sekondari, polisi, na barabara kuu za nchi ni za Serikali ya Taifa, na Mbunge ndiye anayeziulizia Nairobi. Jambo linalowachanganya watu ni kwamba tangu mwaka 2003 Wabunge wamekuwa na mfuko wa fedha za maendeleo, wakajenga madarasa. Ndipo wananchi wakazoea kumhesabu Mbunge kwa mawe na mabati, wakasahau kuuliza aliisoma sheria gani kabla ya kuinua mkono. Seneta huzitetea Kaunti 47 katika kugawanya fedha na kuchungua zinavyotumiwa. Na Gavana akishitakiwa na Baraza la Kaunti ili aondolewe, ni Seneti inayosikiza kesi. Mwaka 2020 Magavana wawili, wa Kiambu na wa Nairobi, walipoteza viti vyao kwa njia hiyo.

Mwakilishi wa Wanawake hudhaniwa kuwa ni mwenyekiti wa vikundi vya akina mama. Wanaume wengi huitia alama karatasi ile ya zambarau kama watu wanaopita kwa jirani. Kumbe mwanamke huyo huketi katika Bunge la Taifa, na kura yake huko ina uzito ule ule wa Mbunge wa kawaida, hata inapohusu kodi ya mafuta ya taa anayonunua mwanamume yule.

Lakini kiti kinachodharauliwa kuliko vyote ni cha Mwakilishi wa Wadi, na viti hivyo ni 1,450. Huchaguliwa kwa sababu alihudhuria matanga, akatoa mchango, akabeba jeneza. Hayo ni mema kwa jirani. Kazi yake, hata hivyo, ni kupitisha makadirio ya fedha ya Kaunti na kumuuliza Gavana ziliendako. Zahanati ikikosa dawa, yeye ndiye wa kwanza aliyepaswa kusimama katika Baraza na kuuliza sababu.

Kwa hiyo ahadi za mgombeaji ni kipimo chepesi cha kumjua. Anayetaka kiti cha Wadi na kuahidi kushusha bei ya unga nchi nzima, au anayetaka Useneta na kuahidi lami mpaka mlangoni, ama hajui kazi anayoiomba, ama anadhani wapiga kura hawaijui. Wa pili ndiye wa kuogopwa. Na anayegawa noti gizani ametenda kosa kwa Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya mwaka 2016. Vyama navyo huhimiza watu wapige kura ya "suti", chama kimoja toka juu hata chini. Ni haki ya mtu akipenda. Ila suti hupimwa kwanza kabla ya kukatwa.

Mama yule alirudi sokoni. Mtoto alipona kwa dawa za kununua, kwa fedha za mkopo. Siku moja Mwakilishi wa Wadi alipita sokoni akisalimia watu kwa mkono, akafika kwenye mboga zake.

"Mama, habari ya biashara?"

"Nzuri, mheshimiwa. Katika makadirio ya mwaka huu, zahanati yetu iliandikiwa dawa za shilingi ngapi?"

Yule bwana akatazama sukuma wiki kwa muda, akaomba apewe mpaka Ijumaa.