Fungu Langu la Msamaha

Wahenga walinena kuwa yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Methali hii nimeisikia tangu utotoni: makanisani, katika mabaraza ya machifu na katika mikutano ya wanasiasa. Nilipokuwa shuleni niliitumia katika insha na kutuzwa alama. Siku hizi, kila niisikiapo, hulifikiria neno ndwele. Ndwele ni ugonjwa. Asemaye kwamba yaliyopita si ndwele anapaswa awe amekwisha kumpima mgonjwa. Katika makala haya, ningependa kumsimulia msomaji jambo lililotokea mtaani kwetu Tassia, hapa Embakasi, lililonilazimu kuyachunguza upya maneno ambayo sisi wanafunzi wa Kiswahili hudhani tunayafahamu.

Nilizaliwa Eldoret, katika mtaa wa wachuuzi na mafundi ambako watu wa makabila mbalimbali walipanga nyumba za mbao zilizopakana ukuta kwa ukuta. Makabila yenyewe sitayataja. Sifanyi hivyo kwa woga, bali kwa kuwa nikiyataja msomaji ataanza kuhesabu wetu na wao kabla hajakisikia kisa. Baba alikuwa amefariki. Mama alikuwa mshonaji mwenye kibanda kando ya barabara na cherehani moja aliyoinunua kwa mkopo wa chama cha akina mama. Cherehani hiyo ndiyo iliyotulisha.

Jioni ya tarehe 30 Desemba 2007, matokeo ya uchaguzi wa urais yalitangazwa na Rais Mwai Kibaki akaapishwa jioni hiyo hiyo. Nilikuwa na umri wa miaka 10. Usiku uliofuata walikuja vijana wenye mapanga na madumu ya petroli. Wengi wao hawakuwa wageni. Mmoja alikuwa seremala aliyetutengenezea mlango mwezi uliotangulia na kunywa chai kwetu. Nilimwona kwa mwanga wa moto akiondoka na cherehani ya mama kichwani. Jirani yetu, mzee aliyefanya kazi ya ulinzi wa usiku, alitupitisha kwenye pengo la ua wa nyuma, kisha akarudi kumtafuta mkewe. Mkewe alinusurika, yeye hakunusurika.

Tulipata hifadhi katika uwanja wa maonyesho ya kilimo wa Eldoret pamoja na maelfu ya wengine. Huko ndiko tulikopata habari za kanisa la Kiambaa, lililoteketezwa tarehe 1 Januari 2008 likiwa na watu waliokimbilia humo, wengi wao wanawake na watoto. Kabla mwezi huo haujaisha, watu wa jamii nyingine waliteketezwa ndani ya nyumba mjini Naivasha. Unyama haukuwa na kabila.

Mjomba alitupokea Tassia. Wakati huo majengo yalikuwa machache na matope yalikuwa mengi. Leo ghorofa zimebanana hata jua hulazimika kupenya kwa taabu. Mama alianza upya kwa cherehani ya kuazima. Hatimaye akapata chumba kidogo cha chini, karibu na steji, na hapo ndipo anaposhona hadi leo.

Mapema mwaka 2025, mwanamume mmoja kutoka jengo lililokuwa likijengwa jirani alimletea mama ovaroli iliyochanika gotini. Mama aliitazama ile ovaroli, akamtazama mwenyewe, akaitisha shilingi 100. Yule bwana akaketi kwenye benchi kusubiri. Mimi nilipofika kutoka chuoni nilimkuta akilipa. Mama alimpa noti ya shilingi 500 ikaangaliwa mwangani, akamhesabia chenji yake, akamwambia karibu tena. Alipokwisha kuondoka ndipo aliponiambia, bila ya kuacha kukanyaga cherehani, kwamba huyo ndiye aliyeondoka na ile ya Eldoret.

Sikuamini kwamba alikuwa ameketi pale karibu saa nzima akishonewa nguo. Nilimuuliza mama kwa nini hakumfukuza. Kwa nini hakuita polisi. Jibu lake nitalinukuu kadiri ninavyolikumbuka.

"Mwanangu," alisema, "cherehani ilikuwa yangu. Aliyeibeba ni yeye, lakini miaka hii yote aliyeelemewa ni mimi. Nimeitua. Hata asiponiomba, nimeitua. Ila la yule mzee, hilo si langu. Mjane wake yu hai. Siwezi kumsamehea mtu damu isiyokuwa yangu."

Nilikasirika zaidi. Wakati huo niliona kwamba mama amegawanya kitu kisichogawanyika: ama umsamehe mtu, ama usimsamehe. Ilinichukua wiki kadhaa kutambua kwamba mama, ambaye hakusoma zaidi ya darasa la 7, alikuwa ameielewa lugha kuliko mimi niliyekuwa nikiandika tasnifu juu yake.

Kiswahili kina maneno matatu ambayo siasa zetu zimeyafanya kuwa moja. Kuna maghufira, ambayo huombwa kwa Mwenyezi Mungu na hutolewa naye. Kuna suluhu, ambayo ni mapatano ya wagomvi: kila mmoja huachilia kidogo ili vita vikome. Halafu kuna msamaha, ambao hutoka kwa aliyekosewa kumwendea aliyekosa. Suluhu huhitaji pande mbili zilizopigana. Msamaha huhitaji mwenye jeraha, na mwenye jeraha hana wakili katika jambo hilo.

Tarehe 28 Februari 2008, Mwai Kibaki na Raila Odinga walitia saini mkataba mbele ya Harambee House, Kofi Annan akishuhudia. Miaka 10 baadaye, tarehe 9 Machi 2018, Raila Odinga na Uhuru Kenyatta walisalimiana mahali hapo hapo baada ya uchaguzi mwingine uliomwaga damu. Siyabezi matukio hayo. Lile la kwanza lilizima moto ambao huenda ungetuteketeza sote. Lakini zilikuwa suluhu, nasi wananchi tukaambiwa kuwa ni msamaha. Tuliambiwa tusameheane.

Naomba wasomi wenzangu tulitazame kidogo neno hilo. Kiambishi -an- cha kauli ya kutendana hudai kwamba kila mmoja ni mtenda na kila mmoja ni mtendwa. Wapiganao hupigana kwa kuwa kila mmoja ametupa ngumi. Mama yangu alitupa ngumi gani? Yule mzee mlinzi alimkosea nani alipotushika mkono? Kumwambia mjane wake wasameheane na waliomuua mumewe ni kumpa sehemu ya hatia kwa herufi mbili tu. Ndiyo maana mama hakusema, "Tumesameheana." Alisema, "Nimeitua."

Msomaji atauliza: sheria je? Tume iliyoongozwa na Jaji Philip Waki iliripoti mnamo Oktoba 2008 kwamba watu 1,133 walipoteza maisha, 405 kati yao kwa risasi. Ilipendekeza mahakama maalumu ya humu nchini. Mnamo Februari 2009 Bunge likaukataa mswada wa kuiunda, na macho yakageukia The Hague. Mashtaka dhidi ya Uhuru Kenyatta yaliondolewa Desemba 2014, mwendesha mashtaka akisema ushahidi hautoshi. Kesi ya William Ruto na Joshua arap Sang ilisitishwa tarehe 5 Aprili 2016 bila ya hukumu ya hatia wala ya kuachiliwa huru. Washtakiwa walikana mashtaka tangu mwanzo, nami sina mamlaka ya kuwahukumu. Ninachosema ni kwamba faili zilifungwa na swali likabaki wazi: ni nani aliyefanya? Na chini ya hao wakubwa kulikuwa na maelfu ya wadogo, waliobeba cherehani na mapanga, ambao hawakuwahi kuulizwa lolote.

Viongozi wameomba radhi, ni kweli. Tarehe 26 Machi 2015, Rais Kenyatta aliomba radhi Bungeni kwa niaba ya serikali kwa dhuluma za miaka iliyopita, akatangaza hazina ya shilingi bilioni 10 kwa ajili ya waathiriwa. Mwezi Mei 2025, Rais Ruto, katika maombi ya kitaifa, aliwaomba vijana radhi ikiwa walikosewa, takribani mwaka mmoja baada ya makumi yao kuuawa katika maandamano ya Juni na Julai 2024. Radhi yenye neno "ikiwa" ni mzigo mzito kwa anayeipokea, maana humtaka kwanza athibitishe kwamba ameumia. Mama zao vijana hao sasa wanasikia lugha ile ile tuliyoisikia sisi.

Wapo watakaosema, na nawaheshimu, kwamba kumsamehe mtu aliyekwepa sheria ni kumtia shime mkosaji. Nilikuwa nikiamini hivyo. Nilidhani chuki yangu ndiyo ushahidi wa mwisho uliosalia, na kwamba nikiiachilia, kesi imekwisha. Lakini chuki yangu haikuwahi kumpeleka mtu yeyote mahakamani. Isitoshe, kisheria kosa la mauaji halichakai kwa miaka. Wazee wetu waliopigania uhuru katika Mau Mau walikaa zaidi ya nusu karne kabla Uingereza haijakubali, mnamo Juni 2013, kuwalipa 5,228 kati yao kwa mateso waliyotendewa kizuizini. Sijui ni wangapi kati yao waliokuwa wamekwisha kuwasamehe watesi wao mioyoni. Najua kwamba kusamehe au kutosamehe hakukuwazuia kudai. Mtu aweza kuutua mzigo na bado akaushika risiti yake.

Mwezi wa Aprili, yule bwana alirudi na suruali ya kubadilishwa zipu. Safari hii mama alikuwa ameenda sokoni na mimi ndiye niliyekuwapo. Nilimuuliza kama aliwahi kuishi Eldoret. Alinyamaza, kisha akakubali. Nikamwambia mimi ni mtoto wa mshonaji.

"Nilijua ni yeye," alisema. "Nilijua tangu siku ile ya ovaroli."

Nilimuuliza kwa nini, basi, aliingia. Akasema alitaka kuona kama mama angemshonea. Hakuomba radhi. Alisema alikuwa kijana, alisema wote walikwenda, alisema cherehani aliiuza kwa shilingi 1,500 na fedha zenyewe hazikumaliza wiki. Halafu, bila ya kuulizwa, akasema kwamba si yeye aliyempiga mzee, ila alikuwapo, na aliyempiga anamfahamu.

Sikuwa nimejiandaa kwa hilo. Kwa miaka mingi nilikuwa nimejitayarishia maneno ya kumwambia, na yote yalihusu cherehani, mlango na chai. Nilimwambia lile lililokuwa langu: kwamba usiku ule ulininyima usingizi kwa miaka, kwamba hadi leo harufu ya petroli hunitoa jasho, na kwamba hayo nimeyasamehe. Niliyasema kwa sauti isiyokuwa na upole wowote. Msamaha wangu haukutoka moyoni kama maji ya chemchemi; niliuchagua, kama mtu achaguavyo kulipa deni asilolipenda. Kisha nikamuuliza kama yuko tayari kumwambia mjane yale aliyonieleza. Mama anayo nambari yake ya simu; huzungumza naye kila Desemba.

Aliitazama barabara kwa muda mrefu. Akasema atafikiria. Akaondoka, akaiacha suruali.

Mama aliporudi nilimsimulia yote. Aliitia zipu jioni ile ile, akaipiga pasi, akaitundika. Sasa ni miezi kadhaa na mwenyewe hajarudi kuichukua. Jengo lile limekwisha, na mafundi wametawanyika. Wateja wawili wamekwisha kutaka kuinunua, mama amekataa. Anasema ina mwenyewe.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, sina hitimisho la kuridhisha. Nimemsamehe mtu ambaye sheria haikumgusa, na nimeona kwamba msamaha wangu ni fungu dogo sana la deni lake. Fungu kubwa liko kwa mama mmoja mzee ambaye angali anangoja kuambiwa jina. Hilo silitoi mimi, wala mama, wala rais yeyote, hata akisimama mbele ya Harambee House mara 100. Nasi tunaojifunza lugha hii tuna wajibu mmoja ulio ndani ya uwezo wetu: watakapokuja tena kutuambia tusameheane, na watakuja, tuwaulize kwa adabu ni nani anayemsamehe nani, na kwa kosa gani. Na iwapo bwana yule ataisoma kurasa hii, au atasomewa, ajue kwamba suruali yake iko tayari, na kwamba nambari ya simu ingali ile ile.