Picha ya Watoto Wawili

Mkiingia katika nyumba za wafanyakazi wa zamani wa machimbo hapa Musonoi, karibu na Kolwezi, pengine mtaona ukutani picha ya mtoto. Hapa kwetu picha ya kutunza ndani ya nyumba huitwa ukumbusho. Mchoraji Tshibumba Kanda-Matulu, wa mkoa huu wa shaba, alichora historia ya nchi nzima kwa picha zipatazo 100 katika miaka ya 1973 na 1974. Sisi hatuna ufundi huo. Tunayo picha moja tu, nayo imetufundisha nchi kuliko bendera.

Maana bendera tumeziona nyingi. Tarehe 30 Juni 1960 Kongo ilipata uhuru. Baada ya siku kumi na moja Katanga ikajitenga, ikawa na bendera yake yenye misalaba ya shaba, mpaka Januari 1963. Mwaka 1971 ikaja ya kijani ya Zaire, yenye mwenge. Mwaka 1997 ikashushwa. Ya sasa ni ya mwaka 2006.

Picha yetu ni ya mwaka 1974, siku ya Komunyo ya kwanza. Wasichana wawili wamesimama wameshika mishumaa: dada yetu, na binti wa jirani, ambaye wazee wake walitoka Kasai kuja kufanya kazi ya shaba. Mama zao walishona nguo zile kwa kitambaa kimoja. Tangu mwaka 1972 serikali ilikuwa imekataza majina ya Kikristo. Hata hivyo baba aliandika nyuma ya picha, kwa kalamu ya risasi, majina yao ya ubatizo pamoja na yale ya mababu. Hakumwambia mtu.

Mwaka 1993 ubaya ukaingia Kolwezi. Watu wa asili ya Kasai walifukuzwa, hata waliozaliwa hapa. Jirani zetu walilala stesheni siku nyingi wakingoja treni. Nasi twaungama: tulifunga mlango. Tena ndugu mmoja akashauri yule mtoto wa pili akatwe kwa makasi, tusije tukaonekana rafiki zao. Mama akajibu, "Wamevaa kitambaa kimoja. Utakata wapi?" Akaigeuza picha, akasoma majina yote manne kwa sauti, akairudisha ukutani. Siku ile tuliona haya, na kesho yake tulipeleka unga stesheni.

Basi, wazazi, mnaowapiga watoto picha kwa simu, chapisheni walau moja. Nyuma yake andikeni majina, mwaka na mahali, wala msisahau jina la rafiki aliyesimama kando. Siku mtoto atakapouliza Mkongomani ni nani, msimwonyeshe bendera kwanza. Mwonyesheni yule rafiki.