Mume Wangu na Bunduki ya Upepo

Mimi kulenga shabaha nilifundishwa jeshini. Nilimaliza kidato cha sita kabla JKT, Jeshi la Kujenga Taifa, haijasitishwa mwaka 1994, na wakati ule kwenda kwa mujibu wa sheria hakukuwa na mjadala: unapangiwa kambi, unafunga sanduku, unakwenda. Nilipangiwa Bulombora, mkoani kwetu Kigoma. Kwata sikuipenda, na mchakamchaka wa alfajiri niliuvumilia tu. Siku ya shabaha ndiyo niliyoingojea. Tulilala kifudifudi kwa mstari, bunduki za SAR begani, afande akipita nyuma yetu, na kwa muda ule hakuna aliyenipigia kelele. Nilibaki na pumzi zangu na lile duara jeusi kule mbele. Niligundua kwamba nikitulia, naweza. Kwa msichana wa umri wangu, aliyezoea kuambiwa asiyoyaweza, lilikuwa jambo kubwa, na sijalisahau hadi leo.

Mume wangu bunduki alizijua kwa njia nyingine. Yeye ni mtu wa Uvira. Oktoba 1996, vita vilipoingia mjini, alikuwa na miaka 23. Alitoka usiku pamoja na mama yake, wakafuata ufuo wa ziwa kwenda kusini, na baada ya taabu ambazo si zangu kuzisimulia wakapata mtumbwi wa kuvukia Tanganyika. Serikali ya Tanzania ilikuwa ndiyo kwanza imefungua kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, kwa ajili ya Wakongomani waliokuwa wakimiminika. Huko Kasulu ndiko tulikoonana. Tumeoana, tumezaa, tumehamia Marekani, na sasa tunaishi Cleveland, Ohio. Katika miaka hiyo yote nimejifunza kutobamiza mlango, kutofungua soda ghafla nyuma yake, na kila tarehe 4 Julai, jirani wanapoanza kurusha fataki za sikukuu ya taifa lao, kutomuuliza kwa nini ameshuka chumba cha chini na redio.

Kwa hiyo mtu asidhani nilikurupuka kurudi kwenye shabaha. Mfanyakazi mwenzangu hospitalini ndiye aliyenialika kwenye uwanja wa shabaha, nami nikaenda, mikono ikakumbuka. Nilipomwambia mume wangu, aliweka kijiko chini.

“Unaenda kutafuta nini kule, mama?”

Kwao mke huitwa hivyo kwa heshima. Nilimjibu ukweli: naenda kutafuta utulivu. Aliniangalia kama mtu aliyeambiwa naenda kutafuta maji jangwani. Hakunikataza. Aliniomba jambo moja, nisimletee habari za huko mezani, nami nikaliheshimu kwa miaka kadhaa. Hapa nina msimamo na nitausema: mtu anayeogopa bunduki hana ugonjwa wa kutibiwa na mwenzi wake. Hofu ya mume wangu ilikuwa na sababu, tena sababu nzuri kuliko mapenzi yangu ya shabaha. Kama asingetaka kamwe, ndoa yetu isingepungukiwa na kitu.

Kilichomsogeza ni picha. Mwaka 2024, wakati wa Olimpiki ya Paris, dunia nzima ilikuwa ikitumiana ile picha ya Yusuf Dikeç wa Uturuki, aliyepata medali ya fedha ya bastola ya upepo ya mita 10 kwa timu mchanganyiko, yeye na Şevval İlayda Tarhan. Mkono mmoja mfukoni, miwani ya kawaida, fulana, nywele zenye mvi. Mume wangu aliitazama kwenye simu kwa muda mrefu. Walikuwa wa umri mmoja, miaka 51.

“Huyu mzee hana hasira na mtu,” alisema.

Sikuongeza neno. Nilingoja. Baada ya siku chache aliuliza mwenyewe: kule kwenu kuna hizo za upepo?

Zipo. Magharibi ya Cleveland, mwendo wa zaidi ya saa moja kwa gari kando ya ziwa Erie, karibu na mji wa Port Clinton, kuna Camp Perry. Ni kambi ya kijeshi ya jimbo, na mashindano ya taifa ya shabaha yamekuwa yakifanyika hapo tangu 1907. Ndani yake kuna ukumbi wa bunduki za upepo wenye nafasi 80, uliopewa jina la Gary Anderson, aliyeshinda dhahabu ya Olimpiki kwa bunduki ya mita 300 huko Tokyo mwaka 1964 na tena Mexico mwaka 1968. Kuna jioni ambazo ukumbi hufunguliwa kwa yeyote, mtoto au mzee, na ukikosa bunduki unaazimwa kwa ada ndogo.

Safari ya kwanza alibaki kwenye gari. Nyingine aliingia hadi sebuleni, akakaa karibu na mlango. Kisha akasimama nyuma ya watu, akitazama. Hakuna aliyemwambia “karibu ujaribu”, maana nilikuwa nimewaomba wasimwambie. Alichoniambia tukirudi nyumbani jioni ile sikukitarajia. Hakuzungumzia bunduki hata kidogo. Alizungumzia amri. Alikuwa amewaona watu wote wakisimama pamoja kwa neno moja la msimamizi, wakizifungua bunduki zao, wakitia ndani ya chemba kile kijiti cha plastiki cha rangi kali kinachoonyesha kwamba haina kitu, wakirudi nyuma ya mstari na mikono mitupu. Ndipo watu walipovuka kwenda mbele. “Kwetu,” alisema, “mwenye bunduki ndiye aliyekuwa amri.”

Nimelitafakari neno lake mara nyingi. Bunduki niliyoijua mimi ilikuwa mkononi mwangu; aliyoijua yeye ilikuwa daima mkononi mwa mwingine, wakati ukichaguliwa na mwingine, mtutu ukielekezwa alikotaka mwingine. Kanuni zile za usalama ambazo kila mwanafunzi huzikariri, kwamba kila bunduki uihesabu ina risasi, mtutu usielekee kitu usichotaka kukiharibu, kidole kikae mbali na triga mpaka umeshalenga, na ujue kilicho nyuma ya shabaha yako, mimi nilizikariri kama kuruta anayeogopa adhabu. Yeye alizisikiliza kama raia. Kila kanuni ilikuwa kinyume cha jambo alilolishuhudia kwa macho yake.

Kumfundisha nilikataa. Naamini kabisa kwamba mke au mume si mwalimu wa kazi hii, hata awe hodari namna gani. Ukimwambia mwenzio “shusha bega,” yeye anasikia malalamiko ya jana. Nilimkabidhi kwa mwalimu mmoja mstaafu, bibi wa miaka sabini na kitu aliyekuwa akifundisha shule ya msingi, na mimi nikabaki mkalimani pale Kiingereza kilipomwia kizito. Bibi yule alimuuliza anaandika kwa mkono gani. Akamuuliza kama anavaa miwani. Kisha akauliza swali ambalo afande wa Bulombora asingeliota: kuna jambo lolote ungependa nisilifanye?

Mume wangu alinitazama kwanza. “Mwambie asisimame nyuma yangu.”

Bibi akavuta kiti akakaa ubavuni kwake, mahali anapoonekana, na tangu siku ile hajawahi kupita mgongoni mwake bila kusema.

Walianza na bunduki isiyo na kidonge, yaani risasi yake, ndani. Alimwambia aunganishe viganja mbele ya uso, aache tundu dogo kati ya vidole, atazame saa ya ukutani kupitia tundu lile, kisha afumbe jicho moja moja. Alipofumba la kushoto saa ikatoweka. Jicho linaloongoza ni la kushoto, ingawa mkono wake ni wa kulia, na watu wa namna hiyo si wachache. Aliyezoea bunduki begani kulia hubishana na habari hiyo kwa miezi. Mume wangu hakuwa na mazoea ya kuyaacha. Akaipokea begani kushoto, kitako shavuni, mbele kukiwa na kiegemeo.

Bunduki ya upepo ya mashindano inafaa kwa mtu aliyeumizwa na milio. Bunduki ya kawaida hupita desibeli 140, kiwango ambacho mlio mmoja tu waweza kulidhuru sikio lisilokingwa. Hii husukuma kidonge cha risasi chenye kipenyo cha milimita 4.5 kwa hewa iliyobanwa, kwa mwendo wa kama mita 170 kwa sekunde. Huo ni chini sana ya mwendo wa sauti, kwa hiyo ule mpasuko wa hewa haupo. Unasikia pumzi tu, halafu kishindo kidogo kule mbele, na kwenye skrini iliyo kando yako nukta inatokea kuonyesha ulikopiga. Ugumu uko kwenye shabaha: duara la kumi lina upana wa nusu milimita, umesimama mita kumi kutoka kwake.

Alipofyatua mara ya kwanza aliiweka bunduki chini taratibu, akaondoa mkono, akakaa. Bibi hakumpongeza. Alingoja. Mume wangu akasema kwa Kiswahili, wala hakusema na mimi, “Ni mimi nimeipiga.” Akaomba kidonge kingine.

Yaliyofuata kwa miezi mingi yalikuwa mazoezi, na mazoezi hayana hadithi ndefu. Alijifunza kutoa pumzi nusu na kusitisha, kuikaza triga polepole kiasi kwamba mfyatuko unamkuta, na kutoinua kichwa upesi kutazama matokeo. Alikuwa na subira kuliko mimi. Ni fundi cherehani, vidole vyake vimezoea kazi ya nusu milimita.

Bunduki ya .22 ndiyo iliyotutia wasiwasi, kwa sababu ile ina baruti. Ni ndogo, risasi yake haifiki gramu tatu na haisukumi bega, lakini hulia. Alivaa vizibo vya sponji ndani ya masikio na vikinga sikio juu yake, akachagua asubuhi ya siku ya kazi, uwanja ukiwa karibu mtupu. Alipiga, akapiga tena, na zote zikaenda chini. Bibi akaomba ruhusa ya kumpakilia yeye, akachanganya risasi za kweli na za bandia bila kumwambia ipi ni ipi. Triga ikabonyezwa kwenye ya bandia, pakasikika “tak” tupu, na sote tukaona mtutu ukizama kwa kishindo ambacho hakikuwepo. Naye aliuona. Ilikuwa hofu yake mwenyewe, mbele ya macho yake, kitu cha kupimwa kwa sentimita. Aliitazama bila aibu, akasema turudie. Wakarudia mpaka mtutu ulipotulia.

Sisemi kwamba uwanja wa shabaha ni dawa ya majeraha ya vita. Wapo watu wetu hapa Ohio ambao nisingethubutu kuwapeleka, na mume wangu mwenyewe alikuwa ameshazungumza na mshauri wa mambo ya nafsi kwa muda mrefu kabla ya haya yote. Sinema za vita bado anatoka chumbani. Bunduki ya SMG hataki kuiona hata kwenye picha, na aina zinazofanana nayo zikitolewa uwanjani anakusanya vitu vyake anaondoka, nami naondoka naye. Tarehe 4 Julai bado haipendi. Ila mwaka jana hakushuka chini. Alikaa nasi sebuleni, madirisha yamefungwa, vile vikinga sikio shingoni, na fataki zilipozidi akavivaa, akaendelea kula.

Julai ile ile alikubali twende Camp Perry wakati wa mashindano ya taifa, mimi nikitaka kuwaona wanaopiga Garand, bunduki ya zamani ya jeshi la Marekani ya risasi nane. Huo ni mlio mzito, tena mamia ya watu kwa pamoja. Alitembea nami mpaka mahali fulani barabarani akasimama. “Mimi hapa panatosha. Wewe endelea.” Nikaendelea. Niliporudi sikumkuta. Alikuwa kwenye ukumbi wa upepo, amejipatia nafasi, akimwelekeza mama mmoja wa Kihindi aliyeletwa na mumewe jinsi ya kulitafuta jicho linaloongoza. Mume wa yule mama alikuwa akisema sana. Wangu alimwomba kwa adabu akatafute kahawa. Na walipomaliza aliwakumbusha wote wawili wanawe mikono kwa sabuni na maji baridi kabla ya kugusa chakula, kwa sababu ya vumbi la risasi. Kwa jambo hilo ni mkali kuliko msimamizi yeyote.

Kuhusu kuweka bunduki nyumbani tumebishana kwa muda. Mimi nilitaka ya .22, kwenye kabati la chuma, risasi zikiwa mahali pengine. Yeye alikataa, akasema nyumba aliyoijenga uhamishoni haitalala na baruti. Hoja zangu zote za usalama alizisikiliza mpaka mwisho, akakataa tena, nami nikaacha. Ya upepo ameikubali, kwa sharti kwamba ikae imefungwa na ufunguo abaki nao yeye. Tumeinunua mwezi uliopita, ya bega la kushoto.