Kona Mbili za Kihispania

Daftari langu la Kihispania lina ukurasa mmoja ninaouonea aibu. Lugha hii nilijifunza kwa kupitia kamusi ya Kiingereza, kwa hiyo niliandika hivi: "rincón", corner. Chini yake: "esquina", corner. Nikafunga daftari, nikajua nimemaliza.

Wiki chache baadaye mwalimu wetu akatuambia tuandike aya moja kuhusu siku tusiyoweza kuisahau. Niliandika siku aliyofariki baba. Ndugu zangu wamezunguka kitanda, mimi nimesimama kwenye "esquina", nalia. Mwalimu akasoma, akaniuliza taratibu: kwa nini ulikuwa nje?

Nikachanganyikiwa. Akachora mraba ubaoni. Akaweka kidole ndani, pale kuta mbili zinapokutana: hapo ni "rincón". Akakitoa nje, kwenye ncha ya jengo, pale mtu anapogeuka kuingia mtaa mwingine: hiyo ndiyo "esquina". Yaani pembe ya chumba na kona ya barabara. Kiswahili nilikuwa nacho kichwani muda wote, ila sikukiuliza. Nilimuuliza Mwingereza.

Basi nikaanza kulipitia daftari zima upya. "Madera" na "leña" nilikuwa nimeziandika zote "wood", wakati mtoto yeyote aliyewahi kutumwa porini anajua kuwa mbao si kuni. Kwingine hata Kiswahili hakikuniokoa. "Pez" ni samaki aliye hai majini. Akishavuliwa na kuwa kitoweo anaitwa "pescado", neno lililotokana na kitenzi cha kuvua. "Oreja" ni sikio la kuvalia hereni, "oído" ni la ndani, lile linalosikia na linalouma usiku. Sisi tuna samaki mmoja na sikio moja, na tunaelewana vizuri tu. Kila lugha ina mahali inapogawa na mahali inapounganisha. Kosa langu lilikuwa kumwamini dalali.

Lakini swali la mwalimu sikulijibu siku ile.

Ukweli ni kwamba nilikuwa nje. Mdogo wangu alipiga simu saa kumi jioni: "Kaka, wahi, mzee amezidiwa." Nilikuwa na habari ya kumalizia. Nikamwambia nipe saa moja tu, nakuja. Nilipokata kona ya mtaa wetu, nikaona watu wanashusha viti vya plastiki kwenye mkokoteni. Nikaelewa kabla sijaambiwa.

Kwenye ile aya nilijiingiza chumbani kwa nguvu. Nimeandika habari za watu kwa zaidi ya miaka kumi nikijisifu kwamba sitii chumvi, kumbe ya kwangu mwenyewe niliitia. Katika sentensi ile yote, neno nililokosea ndilo pekee lililosema kweli.

Mwalimu alikuwa amelikata kwa kalamu nyekundu na kuandika "rincón" juu yake. Nilipofika nyumbani, nikalirudisha.