Safari Yetu ya Kariakoo: Habari za Kinanda na Ilimba

Mwezi huu twawaletea habari za safari yetu ya Dar es Salaam, tulikotumwa na ushirika wetu wa Ugogo kununua kinanda cha kanisa. Fedha yake ilikusanywa kwa misimu miwili ya mavuno. Huyu alitoa debe la mtama, huyu kuku, na mjane mmoja alitoa mbuzi wake wa pekee. Basi mjue ya kuwa fedha ile tuliichukua kwa hofu. Mwenzetu safarini alikuwa kijana aongozaye kwaya.

Babu zetu walikwenda pwani kwa miguu, wakivuka nyika ya Marenga Mkali, na wengine hawakurudi. Kisha ikaja reli, iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 ikafika Kigoma mwaka 1914. Na tangu mwaka 2024 iko reli mpya, ambayo gari lake huenda kwa umeme. Tuliondoka Dodoma alfajiri, na kabla ya adhuhuri tukasikia harufu ya bahari. Kijana wetu alisema, "Hili ni gari la moshi lisilo na moshi," tukacheka.

Kwanza tulikwenda kulitazama kanisa la Azania, lililo mbele ya bandari, na Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu lililo jirani yake. Yote mawili yalijengwa wakati wa Wadachi, yakamalizika mwaka 1902. Tukapita penye Sanamu ya Askari, iliyosimamishwa mwaka 1927 kuwa ukumbusho wa askari na wapagazi wa vita. Kisha tukavuka uwanja wa Mnazi Mmoja. Zamani uwanja huu uliachwa wazi ili kuutenga mji wa wageni na mji wa Waafrika. Sasa watu huuvuka kila upande, wala hakuna awaulizaye.

Ng'ambo yake ndiyo Kariakoo. Wasomaji, hatujui tuieleze namna gani! Katika Mtaa wa Kongo watu husongamana hata mguu hukosa pa kukanyaga. Wamachinga hutandika nguo chini na kuita wanunuzi kwa nyimbo, wachukuzi husukuma mikokoteni wakipaza sauti watu wawapishe, na pikipiki hupenya palipo na upenyo wa mbuzi. Katikati yake limesimama soko kubwa, lililochorwa na Bwana Beda Amuli, Mtanzania, likafunguliwa mwaka 1975. Paa lake ni kama miavuli iliyopinduliwa, ipate kukinga maji ya mvua. Soko hili liliungua usiku wa tarehe 10 Julai 2021, likatengenezwa tena.

Wengi huuza na kununua pale bila kujua jina limetoka wapi. Katika Vita Kuu ya kwanza Waingereza waliutwaa mji mwaka 1916, na mahali hapa pakawa kambi ya wapagazi wa jeshi, waliokuwa wakiitwa Carrier Corps. Kwa vinywa vya wenyeji jina hilo likawa Kariakoo. Sisi watu wa Ugogo jina hili latugusa. Maana majeshi ya pande zote mbili yalipita kwetu, yakachukua ng'ombe na nafaka, na wanaume kwa maelfu wawe wapagazi. Mvua nayo ikakosa, ikaja njaa kuu ambayo wazee huiita Mtunya, katika miaka ya 1917 hata 1920. Tulisimama kitambo mbele ya soko, tumeshika kofia mkononi. Watu walitushangaa, lakini hatukujali.

Kisha tukaingia katika duka la vinanda. Kijana mwenye kuuza akasema, "Shikamooni wazee, karibuni." Akatuonyesha kinanda cha umeme kizuri mno, akakiwasha, kikalia kama filimbi, kama tarumbeta, kama watu wengi waimbao. Kijana wetu alifurahi sana, akaanza kupiga nyimbo za kitabu, zikatoka vema.

Ndipo alipotaka kupiga wimbo mmoja wa sauti ya Kigogo, uimbwao kwetu wakati wa mavuno. Sauti ya kwanza ilipatikana, na ya pili, na ya tatu. Lakini ilikuwapo sauti moja iliyokataa. Akagusa kibao cheupe, ikawa juu. Akagusa cheusi kilicho kando, ikawa chini. Akajaribu mara nyingi hata jasho likamtoka. Sauti ile ilikaa katikati ya vibao viwili, mahali pasipo na kibao. Hata tulipoiimba wenyewe, twaliisikia wazi kabisa.

Muuza duka akauliza, "Wazee, ninyi ni watu wa wapi?" Tukasema, "Ugogo." Akachukua simu yake akasema, "Basi sauti yenu ninaijua. Marehemu baba yangu aliupenda sana muziki wa Mzee Zawose." Akatusikilizisha. Ilikuwa ilimba, ile yenye ndimi za chuma juu ya sanduku la mti, na utando wa buibui unaofunika tundu lake ili ivume. Na sauti yetu ilikuwamo, imekaa mahali pake.

Labda wako miongoni mwenu wasiomjua Bwana Hukwe Zawose. Alizaliwa Ugogo, karibu na mwaka 1940. Katika miaka ya 1960 sifa zake zilimfikia Rais Nyerere, naye akamwita Dar es Salaam apige pamoja na wanamuziki wa taifa. Baadaye alikaa Bagamoyo, akafundisha katika Chuo cha Sanaa kilichoanzishwa mwaka 1981. Alisafiri nchi nyingi, na mwaka 2002 alipiga ilimba yake Marekani mbele ya maelfu ya watu, katika safari ya mwimbaji Peter Gabriel. Alifariki Bagamoyo tarehe 30 Desemba 2003. Lakini mafundisho yake hayakufa. Zamani wanawake wa nyumba yake waliitikia tu nyuma, wala hawakutangulia. Mwaka 2024 binti yake Pendo na mjukuu wake Leah walitoa nyimbo zao wenyewe, wakiziita Maisha. Na huko Chamwino, tangu mwaka 2009, hufanywa tamasha la muziki wa Kigogo, lililoanzishwa na Dk. Kedmon Mapana, mwana wa Ugogo aliyekuwa mwalimu wa muziki katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Watu wa vijijini hukusanyika na ngoma zao na marimba yao, na wazee wajuao hupewa heshima mbele ya watoto wao.

Sasa hapana budi tuungame jambo. Miaka sita iliyopita mzee mmoja wa kijiji chetu alikuja kanisani na ilimba yake siku ya mavuno. Tulimzuia mlangoni, mbele ya watu. Tulimwambia, "Hiki ni chombo cha vilabuni." Aliondoka pasipo kujibu, na tangu siku ile hatukuisikia ilimba kijijini. Pale dukani Kariakoo yalitujia maneno hayo, tukaona haya.

Kinanda tulikinunua, maana fedha haikuwa yetu, na mtumwa hufanya alilotumwa. Kinapigwa kila Jumapili, nacho chafaa sana kwa nyimbo za kitabu. Lakini siku ya pili baada ya kurudi tulikwenda nyumbani kwa yule mzee, tukamwomba radhi mbele ya jamaa zake, kwa kuwa tulimwaibisha mbele ya watu.

Alinyamaza muda mrefu. Kisha akaitoa ilimba chini ya kitanda. Ndimi zake zilikuwa zimeshika kutu. Akasema, "Mwalimu, radhi yako nimeipokea. Lakini vidole vyangu vimekufa ganzi. Mkitaka kuisikia, nileteeni mtu nimfundishe."

Jumapili tulitangaza kanisani. Aliyetangulia kwenda ni msichana wa miaka kumi na miwili, mjukuu wa yule mjane aliyetoa mbuzi. Hukaa karibu na mzee kila jioni, wakizisugua ndimi kwa mchanga, moja baada ya nyingine, na bado hazijamalizika.

Walimu wenzetu, kila kijiji kina mzee wa namna hii. Mtembeleeni mapema, kabla vidole havijafa ganzi, tena mwende na mwanafunzi.