Mtihani wa Mwaka wa Sita kwa Mwanafunzi wa Mwaka wa Kwanza

Hapa Maastricht, Uholanzi, mwanafunzi wa udaktari hata hajazoea njia ya kwenda maktaba, tayari anawekewa mtihani wa kiwango cha daktari anayehitimu. Wa mwaka wa kwanza na wa mwaka wa sita hujibu mtihani wa aina moja, mara nne kwa mwaka. Utaratibu huu ulianza 1977, na vyuo vingine vya nchi hii vikajiunga baadaye. Kwa miaka mingi ulikuwa wa karatasi, maswali 200. Siku hizi uko kwenye kompyuta, na maswali yanapanda au kushuka ugumu kufuatana na unavyojibu.

Aliyeingia juzi hatarajiwi kufaulu kama aliyebakiza miezi michache. Anatazamwa amesogea kiasi gani tangu mara iliyopita, na mwenyewe anajiona: moyo naumudu, figo bado, magonjwa ya watoto nimebaki nyuma ya wenzangu. Na kwa kuwa mtihani unagusa udaktari wote, kukesha usiku mmoja hakusaidii kitu. Ndivyo waanzilishi walivyotaka.

Kilichonivutia zaidi ni jinsi mtihani ule wa karatasi ulivyotoa alama. Ukipata, unapewa, ukikosea, unakatwa, lakini kulikuwa na chaguo la kusema sijui, na hilo halikukupunguzia chochote.

Sasa njoo kwetu Tanzania. Mpwa wangu anasomea udaktari, na akiwa likizo kijijini Kaagya, mkoani Kagera, tunaongea kwa simu, mtandao ukikubali. Muhula mzima ni madesa, wiki mbili za mwisho ni kupiga msuli, halafu UE, mtihani wa mwisho wa muhula. Anayeteleza anakula sapu, yaani anarudia mtihani, akiteleza tena anadisko, yaani anaondolewa chuoni, na hapo ukoo mzima unataka maelezo. “Mjomba,” ananiambia, “nikitoka chumba cha mtihani nafomati kichwa.” Anacheka, ila mimi namfikiria mgonjwa atakayekuja na figo miaka mitatu baada ya hiyo fomati.

Majaribio ya katikati ya muhula yapo, sikatai. Lakini yanahesabiwa kwenye matokeo, kwa hiyo yanaogopwa vilevile, na karatasi mara nyingi hurudi na namba tu. Ilhali kujipima ndiko kunakokaza kumbukumbu: mwaka 2006 Roediger na Karpicke, watafiti wa Marekani, walionyesha kwamba waliorudia kusoma maandishi walikumbuka zaidi baada ya dakika tano, ila baada ya wiki waliokuwa wamejipima ndio walioongoza. Dakika tano ndiyo UE. Wiki, na miaka inayofuata, ni wodi.

Nisiwasifie Waholanzi kupita kiasi. Mtihani wao nao unaingia kwenye maamuzi ya nani aendelee, na wapo wanaoulalamikia. Mimi ningechukua kile cha kujipima na kuacha hukumu: maswali kumi kila wiki kwenye simu, bila alama, kila jibu na maelezo yake. Bando si kisingizio kikubwa, maana programu ya kujifunzia ya Moodle inaweza kumruhusu mwanafunzi apakue maswali mjini Bukoba, ayajibu kijijini, na majibu yaende mtandao ukirudi. Wala si jambo la matajiri peke yao: Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Msumbiji, kule Beira, kilishaujaribu mtihani wa namna ya Maastricht, na habari zake zikachapishwa 2010.

Penye kazi ni kutunga. Swali zuri la kuchagua, lenye majibu ya uongo yanayoshawishi na maelezo ya kila moja, linakula saa za mwalimu ambaye asubuhi ana wodi na mchana ana kliniki. Vyuo vya Uholanzi viligawana mzigo huo. Vyuo vyetu vya Muhimbili, Bugando na KCMC vinafundisha malaria ileile na selimundu ileile. Kila kimoja kikitunga peke yake, ni kazi moja kufanywa mara tatu. Na madaktari wa hospitali za Rubya na Ndolage, kule Muleba, waombwe maswali pia. Wao ndio wanaopokea rufaa za zahanati, na wanajua zipi zilichelewa kwa sababu mtu aliona haya kusema hajui.