Munkoyo haingoji

Kwetu Haut-Katanga neno munkoyo linataja vitu viwili: mizizi inayochimbwa mu pori, na kinywaji chenye kinatoka mu mizizi ile. Jirani zetu wa Zambia nao wanaita vile vile, maana pori ni moja, mupaka ulikuja nyuma.

Kuitengeneza nyumbani si kazi ya haraka. Nkambo wangu alipika uji wa unga wa mahindi, akauacha uive sana, kisha akangojea upoe. Hakuwa na kipimo cha joto, alitia paka kidole. Uji ukiwa moto sana, alituambia, mizizi inakufa. Na ni kweli: ndani ya mizizi mna enzimu zenye kugeuza wanga kuwa sukari, na moto mukali unaziharibu. Uji ukiwa vuguvugu, alitia mizizi iliyotwangwa mpaka kuwa sawa nyuzi, akakoroga. Sisi batoto tulisimama pale kuangalia namna uji muzito unalegea, unakuwa mwepesi, tena mutamu bila kijiko hata kimoja cha sukari. Kisha alichuja, akafunika, ikalala.

Kesho yake ilikuwa tamu yenye uchachu kidogo, na batoto pamoja na bazee walikunywa mu beseni moja. Lakini ikikaa siku zingine inachachuka, inaanza kulewesha, haiko tena ya batoto.

Kwa mafikiri yangu, uzuri wake uko hapo. Chupa ya dukani mutu anaweza kuificha mu frigo, akunywe peke yake juma nzima. Beseni ya munkoyo haikubali vile. Inapashwa kuisha, basi jirani anaitwa. Niliona bamama wawili wenye hawakusalimiana siku nyingi, juu ya maji ya bomba, wakikaa ku mukeka mumoja na kupokezana kikombe. Hakuna mutu aliyewapatanisha. Munkoyo ilikuwa tayari, ni vile tu.

Leo mu Lubumbashi vijana wengi wanajua ile ya kununua mu bidoni pembeni ya njia. Wengine wanatia sukari ili kupunguza mizizi, na batoto wanazoea ladha ile. Tena pori la miombo pembeni ya muji linakatwa kwa ajili ya makala, na bamama wenye kuuza mizizi ku soko letu wanalalamika kwamba sasa inatoka mbali. Pori likiisha, hata mwenye kujua kupika atapika na nini?

Kwa hiyo, mwenye angali na nkambo anunue fungu la mizizi, amupelekee, akae karibu na sufuria. Aulize mizizi ile inamea wapi na namna gani inachimbwa bila kuimaliza. Na yeye mwenyewe atie kidole mu uji, maana joto lile halisomwi mu kitabu, hata mu hiki chetu.